Fundi wa Benchi Anajibu: Praima za mechi kwenye bastola, kuna faida au tunalipia boksi tu?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, praima, ile fataki ndogo inayokaa kwenye kitako cha ganda. Nimechagua chache, nyingine zinafanana nimeziunganisha, wenyewe mtajitambua. Kama sheria ya unakoishi hairuhusu mtu kujaza risasi mwenyewe, au inataka kibali ambacho huna, basi soma tu kwa faida ya kichwa na presi, ile mashine ya kujazia risasi, uiache ilale.

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga shabaha kwa bastola ya 9 mili, mita 25, najaza maganda mwenyewe na nimekuwa natumia praima za kawaida miaka yote. Sasa kuna jamaa wa klabu kaniambia nikihamia praima za mechi, zile za kiwango cha mashindano, grupu yangu, yaani kundi la matundu kwenye karatasi, itafunga vizuri, tena anasema kwa uhakika kabisa. Boksi lake lina bei juu kuliko langu. Anasema kweli? – Mita Ishirini na Tano

Marahaba. Jamaa hajadanganya, ila kachukua ukweli wa bunduki ndefu akauleta kwenye bastola bila kuupima.

Iko hivi. Praima ina vitu vitatu tu ndani yake, kikombe kidogo cha shaba, tone la mchanganyiko unaolipuka, na fuawe, kile kipande chenye miguu miwili au mitatu kinachokaa mdomoni mwa kikombe. Pini inagonga kikombe, mchanganyiko unabanwa kati ya kikombe na fuawe, unalipuka, moto unapenya kwenye kitundu na kuwasha baruti, basi. Praima ya mechi haina dawa ya ajabu. Kinachoongezwa ni uangalifu kiwandani, tone liwe na uzito uleule toka praima moja hadi nyingine, fuawe ikae pale pale, kikombe kiwe na unene uleule, ukaguzi uwe mkali. Kwa hiyo usitegemee nguvu zaidi, tegemea kufanana zaidi. Na kufanana kwa praima kunaonekana kwenye kasi, yaani risasi zako kumi zinatoka na kasi zinazokaribiana.

Sasa tufanye hesabu, maana hapo ndo mambo yanapojulikana. Chukua kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, kinachotoka kwa mita 320 kwa sekunde, kingine mita 330. Hiyo ni tofauti ya mita 10, si ndogo, ni kama futi 33, mjazaji makini akiiona kwenye kronografu, kile kipima kasi, anakunja uso. Kufika mita 25 yule wa kwanza ameshuka kwa uzito wake karibu milimita 30, wa pili milimita 28 na kitu. Tofauti yao haifiki milimita 2. Duara la kumi kwenye shabaha ya ISSF, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha, ya mita 25 ya kulenga taratibu lina kipenyo cha milimita 50. Yaani hata ukichukua praima mbovu kidogo zikakuvurugia kasi kiasi hicho, kwenye karatasi unapata milimita 2 za juu na chini ndani ya duara la 50, tundu lenyewe la risasi ya 9 mili ni kubwa kuliko hilo kosa mara nne na zaidi. Ukienda mita 50 kosa linafika kama milimita 7, hapo kidogo unaanza kusikiliza, lakini bado ni dogo kuliko kosa la mkono wa mtu aliyesimama.

Tena kuna jambo watu wa bastola wanalisahau, kichwa kinapokuwa bado ndani ya mtutu bastola imeshaanza kuinua pua kwa sababu ya kurudi nyuma. Kichwa chenye kasi kinatoka mapema kabla pua haijapanda sana, cha polepole kinachelewa kinatoka pua ikiwa juu zaidi. Kwa hiyo kile cha polepole kinashuka zaidi njiani lakini kilianza safari kikiangalia juu zaidi, mambo yanakatana. Ndo maana kwenye bastola risasi nyepesi yenye kasi mara nyingi inapiga chini kuliko nzito ya polepole, kinyume na mtu anavyodhani.

Bunduki ya mita 600 au 1,000 ni habari nyingine kabisa, kule tofauti ndogo ya kasi inageuka kuwa sentimita nyingi za wima na mtu ana haki ya kuhangaika na praima. Na ukiangalia watengenezaji wenyewe utaona wanaelekea wapi. CCI wana praima zao za benchi, yaani za kupiga bunduki ikiwa imeegemezwa mezani, BR2 na BR4, zote za bunduki ndefu, upande wa bastola hawana namba ya BR. Remington wana ile 7½ ya benchi, nayo ya bunduki. Federal ndo wana Gold Medal za bastola, GM100M kwa praima ndogo na GM150M kwa kubwa, ukipita hao huna mahali pengi pa kuchagua. Soko la praima za mechi za bastola ni dogo kwa sababu anayeona tofauti yake ni mtu mmoja mmoja sana.

Mimi ningekushauri hivi, hela ya kuongezea boksi la mechi inunulie vichwa vizuri. Kwenye bastola grupu inafunguliwa na vichwa visivyolingana, vichwa ambavyo kipenyo chake hakiendani na mtutu wako, mdomo wa ganda uliobanwa kupita kiasi mpaka umekwaruza kichwa, maganda ya viwanda kumi na viwili yaliyochanganywa kwenye ndoo moja, halafu triga. Triga jamani. Vikishanyooka hivyo vyote na bastola umeibana kwenye mashine kama Ransom Rest ambayo haina mapigo ya moyo, hapo pima praima za mechi, na ukiona kitu ni sawa, ununue. Kwa mkono mtupu, umesimama, mita 25, ukinipa grupu mbili za karatasi siwezi kukuambia ipi ni ya praima gani na wala jamaa yako hawezi.

SWALI: Fundi mimi nabisha. Nimepima kwa kronografu risasi 5 za praima ya kawaida nikapata mtawanyiko sanifu, kile kipimo cha jinsi kasi zinavyotofautiana na wastani, futi 14 kwa sekunde, 5 za mechi nikapata 8. Karibu nusu! Hiyo si ushahidi? – Kronografu Haidanganyi

Kronografu haidanganyi, ila risasi 5 zinadanganya vibaya sana.

Ukipima risasi 5 ukapata mtawanyiko wa 14, kihesabu, kwa uhakika ule wa kawaida wa asilimia 95, mtawanyiko halisi wa hizo risasi unaweza kuwa popote kuanzia kama 8 mpaka 40. Na ile 8 yako inaweza kuwa popote kuanzia 5 mpaka 23. Ona zinavyopandana, sehemu kubwa ya hizo mbili ni moja, unaweza ukarudia kesho ukapata majibu yamegeuka kichwa chini miguu juu, ya kawaida 8 na ya mechi 14, na wala hamna kilichobadilika. Ukipiga 30 mambo yanatulia, ukipata 10 basi ukweli uko kati ya 8 na 13 na kitu, hapo tunaweza kuongea. Risasi 30 za kila aina, na usipige zote za aina moja asubuhi na nyingine jua limeshachoma mtutu, piga chache za hizi chache za zile unabadilishana mpaka ziishe. Ganda la kiwanda kimoja, baruti ya boksi moja, vichwa vya boksi moja, kipimo cha baruti kisiguswe. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hujui nani kafanya nini.

Halafu angalia mahali baruti inapolala. Hili hasa kwa wa .38 Special, lile ganda ni refu na mwanzoni lilijazwa baruti nyeusi, leo tunatia baruti kidogo isiyo na moshi na nusu ya ganda inabaki hewa tupu. Ukiinamisha bastola halafu ukainua kulenga, baruti imekimbilia mbele karibu na kichwa. Ukiielekeza juu kwanza halafu ukashusha, baruti imekaa nyuma mdomoni mwa praima, inashika moto haraka. Kwa baruti nyingine tofauti ya kasi hapo ni kubwa kuliko tofauti yoyote utakayoipata kwa kubadili praima za kawaida na za mechi, kwa hiyo mtu anayepima praima huku anainua mkono ovyo ovyo anapima mkono. Unapopima, inua pua kwa namna ileile kila risasi, uelekeo salama, halafu shusha taratibu.

Ukishafanya hivyo nitumie namba zako. Sikatai kwamba za mechi zinaweza kushinda, nakataa 5 kwa 5.

SWALI: Mzee wangu, nina revolva ya .38, nimelegeza springi ya nyundo ili triga iwe laini. Sasa kila boksi praima mbili tatu hazilipuki, nazungusha silinda nikizigonga mara ya pili zinalipuka. Nimeambiwa praima za mechi ndo dawa. – Triga Laini

Ndugu yangu kabla ya praima, hiyo ya kuzungusha. Risasi isipolipuka usivute triga tena haraka haraka. Kuna risasi inayochelewa kuwaka, na kwenye revolva ukivuta tena silinda imezunguka, ile iliyochelewa sasa iko pembeni, haina mtutu mbele yake, ikilipuka pale ni balaa kwa mkono wako na kwa aliye jirani. Baki umeelekeza kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 zitimie, ndo ufungue silinda, ukiwa umegeuza uso pembeni.

Sasa ugonjwa wenyewe. Praima inayokataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili, kitu cha kwanza cha kushuku si chapa yake, ni kwamba haikukaa chini. Ikiwa haijafika sakafu ya tundu lake, pini ikigonga nguvu yote inaishia kuisukuma ndani, fuawe haina pa kujikita, kwa hiyo haibani mchanganyiko. Pigo la kwanza limekumalizia kazi ya presi, pigo la pili ndo linafyatua. Praima inatakiwa ikae chini kidogo ya uso wa kitako cha ganda, inchi 0.003 hadi 0.005 hivi, kwa milimita ni kama 0.08 mpaka 0.13. Chukua ganda hata kabla hujatia baruti, pitisha kidole juu ya kitako, unatakiwa usikie kibonde kidogo, ukisikia kimlima hiyo haijakaa. Weka maganda wima juu ya kioo, linaloyumba lina praima iliyotokeza. Kosa hili linatoka kwenye masizi yaliyobaki chini ya tundu, au maganda ya kijeshi ya 9 mili ambayo tundu lao limekazwa ukingo na wewe hujalitanua, au tu mkono unaogopa kusukuma. Sukuma mpaka usikie imegota, kwa taratibu, bila kupiga wala kuponda, miwani machoni. Ila ukiona ganda tayari lina baruti na praima imetokeza, usirudi nalo kwenye presi kusukumia, ifumue risasi hiyo kwa utaratibu, toa kichwa na baruti, uanze upya.

Ukishahakikisha zote zimekaa na bado zinakataa, hapo tunakuja kwenye ulaini wa kikombe. Praima za Federal zinajulikana kuwa na ulaini wa kushika moto kwa pigo dogo, CCI zinajulikana kuwa ngumu kidogo, ndo maana watu wa revolva za mashindano waliolegeza springi wanazigombania Federal. Lakini sikiliza vizuri, hiyo ni sifa ya Federal, Federal 100 ya kawaida unaipata nayo, haihitaji iwe GM100M. Wengi waliokuambia mechi ndo dawa walihama toka chapa ngumu kwenda Federal ya mechi kwa mara moja, wakadhani neno mechi ndo lililowaponya.

Na kama revolva hiyo ni ya kujilindia, bana rudisha springi ya kiwandani. Triga laini isiyofyatua ni ya nini?

SWALI: Nimeona boksi limeandikwa GM200M, lingine GM100M, na rafiki ana la Winchester WSPM. Hiyo M ni magnum au mechi? Na magnum si ndo mechi yenye nguvu? – Nimechanganyikiwa

Una haki ya kuchanganyikiwa, maana herufi ni moja na kila kampuni inaitumia kivyake. Kwa Federal, M ya mwisho kwenye GM100M ni mechi, na GM ya mwanzo ni Gold Medal. Namba ndo inayosema aina, 100 ni ndogo ya bastola ya kawaida, 200 ni ndogo ya bastola ya magnum, 150 kubwa ya kawaida, 155 kubwa ya magnum. Kwa hiyo GM200M ni magnum iliyotengenezwa kwa kiwango cha mechi, vyote viwili kwa pamoja. Kwa Winchester M ya WSPM ni magnum, haina habari ya mechi. Na WLP yao, ile kubwa ya bastola, wameiandika yenyewe kuwa ni ya kawaida na ya magnum pia, hapo usitafute M. Basi soma maandishi ya boksi, usisome herufi.

Magnum na mechi ni njia mbili tofauti. Magnum ina moto mkubwa zaidi au unaodumu zaidi, imetengenezwa kwa baruti ngumu kuwaka zinazojazwa nyingi, mfano mzuri ni H110 kwenye .357 Magnum na .44 Magnum, Hodgdon wenyewe wanaoiuza wanataka praima ya magnum kwa baruti hiyo, na hawataki uipunguze kwa zaidi ya asilimia 3 kutoka kipimo chao kikubwa. Mechi ni kufanana, kama nilivyomjibu wa kwanza.

Kuchanganya haya mawili si kosa la karatasi tu. Mtu ana kipimo chake cha 9 mili kilichokaa karibu na kikomo, na kikomo cha shinikizo cha SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, kwa 9 mili ni psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba), akanunua boksi la magnum akidhani ni mechi, akaendelea na kipimo kilekile. Shinikizo linapanda na hana habari. Ukibadili praima, ya aina yoyote, hata kawaida kwa kawaida ya kampuni nyingine, rudi chini kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu na upande taratibu ukiangalia maganda. Kwa risasi ya .38 Special iliyojazwa baruti kidogo huenda usione kitu, kikomo chake ni psi 17,000 na bastola nyingi zina nafasi, ila tabia ni tabia, ukizoea kupuuza kwenye .38 utapuuza na kwenye 9.

Na kwa baruti ya haraka kwenye ganda dogo, magnum haikupi usahihi wowote, mara nyingine inavuruga.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni wa IPSC, yale mashindano ya bastola ya kupiga kwa kasi na usahihi, nacheza minor, daraja la risasi za nguvu ndogo. Kwa praima zangu za kawaida napata power factor 127 na kichwa cha greni 124. Nikihamia za mechi kuna hatari? – Dada wa Stejini

Dada, swali lako ndo bora kuliko yote ya mwezi huu na wala hukuuliza grupu. Hatari ipo, si ya mtawanyiko, ni ya wastani. Praima mpya inaweza kukupandishia au kukushushia kasi ya wastani, hujui mpaka upime. Power factor ni uzito wa kichwa kwa greni mara kasi kwa futi, gawa kwa 1,000, kwa hiyo wewe 127 maana yake uko kama futi 1,024 kwa sekunde. Praima mpya ikikushusha futi 20 tu, unakuwa 1,004, zidisha kwa 124 gawa kwa 1,000, unapata 124.5. Sakafu ya minor ni 125. Hapo kwenye meza ya kronografu unaruhusiwa kuendelea kupiga lakini pointi hazihesabiwi, umesafiri bure.

Kwa mchezo wako wastani ulio juu ya sakafu kwa nafasi ya kutosha una thamani kuliko lebo yoyote. Kama mtawanyiko wako ni mkubwa unalazimika kukaa juu zaidi ili usianguke siku mbaya, hapo ndo praima inayofanana inakusaidia kidogo, inakuruhusu kukaa karibu na sakafu. Lakini mimi nisingekaa 127. Baridi ya asubuhi si joto la mazoezini, kronografu mbili hazikubaliani. Panda kidogo ukae 130 na usahau habari hii. Na ukipata praima unazozipenda nunua loti moja kubwa, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja kiwandani, andika namba ya loti kwenye daftari lako pamoja na wastani, ukifungua loti mpya pima tena. Toka loti moja hadi nyingine ya praima ileile unaweza kuona mabadiliko kuliko toka kawaida kwenda mechi.

SWALI: Na kwa .22 nichague praima gani? – Kijana wa .22

Huna praima ya kuchagua kijana, mchanganyiko wa .22 LR uko ndani ya ukingo wa ganda na ganda halijazwi tena. Wewe nunua risasi za aina tatu nne uone bastola yako inapenda ipi.

SWALI: Nimekosa praima ndogo za bastola lakini nina ndogo za bunduki, zinaingia vizuri tu kwenye ganda la 9 mili. Naweza? Na kubwa za bunduki kwenye .45? – Zinaingia

Ndogo za bunduki zinaingia kwa sababu vipimo vya nje ni vilevile, kipenyo inchi 0.175. Ila kikombe ni kinene na kigumu zaidi, na moto unaweza kuwa mkubwa. Wapo wanaozitumia makusudi, wanaojaza .38 Super au 9 ya shinikizo kubwa kwa ajili ya mashindano, kikombe kinene hakitoboki. Na .454 Casull inatumia praima ndogo ya bunduki. Kwa bastola yako ya kawaida utahangaika na zisizolipuka, na ukitumia hata hivyo basi shuka kipimo uanze upya.

Kubwa za bunduki kwenye .45 hapana. Kipenyo ni kimoja, 0.210, lakini urefu si mmoja, ya bunduki ina 0.128 na ya bastola 0.120. Kwa urefu huo wa ziada itatokeza nje ya kitako. Praima iliyotokeza kwenye bastola ambayo slaidi yake inarudi kwa kishindo, nani anataka kuwa karibu.

SWALI: Boksi za Federal zinajaza kabati, praima 1,000 tu limekuwa kama tofali. Nikizimimina zote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko zitakaa salama na unyevu? – Kabati Limejaa

Usithubutu. Tafadhali kama umeshamimina weka barua hii chini kwanza.

Boksi ni kubwa kwa sababu wametaka liwe kubwa. Kila praima imekaa kwenye chumba chake mbali na mwenzake ili moja ikilipuka zisiambukizane. Ukizimimina kwenye chupa zinagusana mia kwa mia, moja ikipata mtikiso au cheche zinaondoka zote kwa wakati mmoja, na chupa yako ya kioo inakuwa vipande vinavyoruka. Hilo si boksi la praima tena, ni bomu umelijenga kwa mikono yako. Za mechi na za kawaida hapo hazina tofauti. Ziache kwenye boksi lao la kiwandani, pakavu, pasipo joto, mbali na baruti, mbali na watoto, na toa trei moja tu unapofanya kazi. Hata zile za kwenye bomba la presi, jaza unazohitaji, usijaze kwa sifa.

Ulizotoa chupani ukakuta nyingine zimelowa mafuta, usidhani zimekufa. Watu wanamwagia mafuta wakiamini praima imezimika, ikikauka inafanya kazi. Zilizoharibika ulizia idara inayosimamia silaha unakoishi namna ya kuziteketeza. Na mchanganyiko wa praima nyingi una madini ya risasi (lead), za mechi nazo pia, kwa hiyo ukimaliza benchi osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujashika chakula, na vumbi la maganda yaliyotumika usilipulizie ndani ya chumba wanamolala watu.

SWALI: .45 ACP zangu zingine praima haiingii kabisa, nimeshaponda mbili. Nadhani hizi za mechi ni kubwa kupita kiasi? – Presi Imegoma

Acha kusukuma. Za mechi ziko sawa, maganda ndo yamechanganyika. Kuna .45 ACP zinazotengenezwa na tundu dogo, zinachukua praima ndogo ya bastola, na kwa nje ni pacha wa zile za tundu kubwa. Umeokota uwanjani zote pamoja. Geuza ganda moja moja uangalie kitako kabla hayajafika kwenye presi, madogo tenga kwenye boksi lake. Zinapiga vizuri tu ila ukiamua kuzitumia kasi inaweza kubadilika kidogo, basi zipimie peke yake. Na hizo mbili ulizoponda usizichokonoe kwa bisibisi.